Jembe na Maiki

Swali nililipeleka mwenyewe barazani kwa mjomba, Ngamiani, Tanga, jioni ya Idd pili: niache kazi ya ugani niishi kwa podikasti, au nisiache? Nilikuwa na barua mbili kwenye mkoba. Ya kwanza niliandikiwa na kampuni inayouza pembejeo, ikiniahidi udhamini wa mwaka mzima. Ya pili niliianza mimi, ya kuomba kuacha kazi. Ilikuwa bado haina tarehe.

Mimi ni bibi shamba Muheza, nchi ya machungwa. Podikasti yangu ni ya wakulima wa matunda, na tangu nianze mwaka 2021 nimetoa vipindi 86. Ninayoyaandika hapa ni mazungumzo ya jioni ile kama nilivyoyashika, mengine nimeyafupisha. Tulikuwa wanne. Mjomba alikuwa fundi mitambo wa redio mpaka alipostaafu. Da mkubwa ni mhasibu, na ndiye aliyenisomesha chuo. Mdogo wetu wa mwisho ndiye anayehariri sauti zangu. Majina yao nayaacha, kwa kuwa walikuja kula Idd, hawakuja kuandikwa.

Mdogo wangu alianza, maana barua ya udhamini alikuwa ameisoma kabla yangu.

MDOGO WANGU: Dada, wakati ndio huu. Jambo lenyewe bado changa duniani. Neno podikasti liliandikwa kwa mara ya kwanza na Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian, Februari 2004. Mwaka uliofuata Apple wakaziingiza podikasti kwenye iTunes, na watu wakazijua. Mwaka 2014 Sarah Koenig na wenzake wakatoa Serial, wakaifuata kesi moja tu ya mauaji ya Baltimore, wiki baada ya wiki, na mamilioni wakakaa kuwasikiliza. Spotify wenyewe hapa Tanzania wamefungua Februari 2021. Kwa Kiswahili hili bado ni pori. Anayefyeka leo ndiye atakayepanda. Lakini pori halifyekwi kwa saa mbili za usiku baada ya kutoka kazini.

DA MKUBWA: Mdogo wangu, umesema ya Marekani na Uingereza. Mimi naulizia Muheza. Wanaomsikiliza dada yako ni wangapi?

Nikampa takwimu za mtandaoni. Kipindi kikifanya vizuri kinasikilizwa mara 400, kikilala, 150.

DA MKUBWA: Watu 400. Na kwa hao unataka kuacha mshahara, bima ya afya na kiinua mgongo?

MIMI: Hao ni wale wanaohesabika, da mkubwa. Ngoja nikueleze ilivyokua, maana haikukua kwa njia anayoisema mdogo wangu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha dakika 52. Nilikirekodi stoo, katikati ya magunia, kwa kuwa magunia humeza mwangwi, na sauti ilitoka nzito kama ya redioni. Nikakiweka mtandaoni kwa ubora wa juu. Faili lilikuwa karibu MB 50. Baada ya siku chache nilikwenda kijiji kimoja cha njia ya Amani, mama mmoja akaniambia mbele za watu: "Mwanangu, nilinunua bando nikusikilize, likakata kabla hujafika kwenye nzi."

Usiku ule nilikisikiliza kipindi kizima kwa masikio ya yule mama. Dakika 11 za mwanzo nilikuwa najitambulisha, nashukuru wadau, naeleza kwa nini nimeanzisha podikasti. Nzi wa matunda, ambao ndio alionunulia bando, walikuja dakika ya 40. Niliumia. Nilikuwa nimemlipisha mtu maskini ili anisikie nikijisifu.

Tangu siku hiyo vipindi vyangu havizidi dakika 12. Sauti tunaishusha mpaka kilobiti 64 kwa sekunde, na mkondo ni mmoja badala ya miwili. Mtu anayeongea hahitaji zaidi ya hapo. Faili halifiki MB 6. Sentensi ya kwanza inataja tatizo, ya pili inasema la kufanya. Jina langu naliweka mwisho. Kama kuna somo moja la ufundi ningempa anayeanza leo, basi ni hilo: ajue msikilizaji wake amelipa shilingi ngapi kumsikiliza.

MDOGO WANGU: Na wasikilizaji wakaongezeka mara tatu. Sema na hilo.

MIMI: Waliongezeka, lakini si kwa sababu ya kupunguza dakika peke yake. Kuna kijana pale stendi ana kibanda cha kuchaji simu. Ana sola juu ya bati na ubao uliopangwa simu kama thelathini, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Kazi yake nyingine ni kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Unampa kadi, unamlipa, anakujazia taarabu, singeli, kaswida, upendacho. Siku moja nilipita na nikasikia sauti yangu. Ilikuwa inatoka kwenye spika iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani wa bodaboda, nyuma kuna matenga mawili ya machungwa. Nilimsimamisha dereva. Nikamuuliza amekipata wapi. Akasema, "Kwa dogo pale, anakuwekea na hiki cha bibi shamba, bure."

Yule kijana sikuwa nimemwomba. Baba yake ana miti ya michungwa. Alikipata kipindi kwenye kundi la WhatsApp, akaona kinafaa, akawa anakitia kwenye kila kadi inayopita mikononi mwake. Sijui kadi ngapi. Hakuna anayejua. Ila wiki ile ile nilikwenda kijiji ambacho mtandao haushiki, na mzee mmoja alinitajia neno kwa neno niliyoyasema kwenye kipindi cha 19.

DA MKUBWA: Nimekuelewa na nimefurahi. Lakini mwenye memori kadi hayumo kwenye hesabu ya mdhamini. Ukimwonyesha mdhamini watu asiowaona, atakulipa kwa anaowaona.

Hapo mjomba aliweka kikombe chini. Alikuwa hajasema neno tangu tuanze, zaidi ya kuitikia shikamoo zetu.

MJOMBA: Mnaongea kana kwamba hili limeanza 2004. Mwaka 1973 mimi nilikuwa kijana mdogo kazini, tunakata mkanda kwa wembe na kuunganisha kwa utepe wa gundi. Mwaka ule ndio ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Wiki 12. Redio Tanzania inatoa kipindi, na vijijini watu wamekaa vikundi, chini ya mwembe, shuleni, popote penye redio. Kila kikundi kina kiongozi aliyefundishwa na kina kitabu. Kipindi kinazungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara. Kikiisha, redio inazimwa. Sikieni vizuri: inazimwa. Ndipo kazi inaanza. Watu wanajadiliana wamesikia nini, halafu wanaamua watafanya nini. Waliojiunga walikuwa karibu milioni 2. Na walichokifanya kilionekana kwa macho: walichimba vyoo, mamia ya maelfu ya vyoo, nchi nzima.

MDOGO WANGU: Lakini mjomba, wakati ule redio ilikuwa moja na serikali nzima ilikuwa nyuma yake. Dada ana maiki moja na kompyuta yangu.

MJOMBA: Kweli kabisa, sikatai. Na mengine yalikwenda kwa shuruti, nalo silifichi. Nachokuambia ni kwamba hatukuulizana walisikia wangapi tukaishia hapo. Tuliuliza wamechimba nini.

Kisha akatueleza habari ya Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza 1993, ambao watu wa rika langu tuliukulia. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alikuwa gumzo la nyumba nyingi. Mjomba alisema jambo ambalo mimi sikuwa nalijua utotoni: kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo ule haukurushwa eneo la Dodoma, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Walitaka kujua kama mchezo unabadilisha maisha ya watu katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, au unawafurahisha tu jioni.

DA MKUBWA: Kumbe mlipima! Basi mjomba uko upande wangu. Mimi sisemi namba ni mbaya. Nasema namba yake haitoshi kuachia kazi.

MJOMBA: Nami nasema anahesabu kitu kisichostahili.

Nakiri kwamba maneno haya yaliniingia mahali ambapo sikuwa tayari. Kwa mwaka mzima nilikuwa nafungua takwimu kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kipindi kikipata wasikilizaji wengi, siku yangu inakuwa nyepesi. Kikilala, nakwenda shambani kwa watu nimenuna. Mkulima niliyesimama naye, mwenye jina na miti na shida iliyo mbele yangu, nilikuwa namwona kama mtu anayenichelewesha kurudi kwa wasikilizaji. Nililisema hilo barazani, na hakuna aliyenijibu kwa kitambo.

Aliyejibu ni mdogo wangu, na alijibu kwa upendo.

MDOGO WANGU: Ndiyo sababu nataka uache kazi, dada. Umegawanyika. Mtu hawezi kuishi maisha yenye maana akiwa nusu huku na nusu kule. Si wewe uliyenisomea Utubora Mkulima ya Shaaban Robert? Utubora alikuwa na ajira mjini. Akaacha, akaenda kijijini kufanya alichokiamini. Watu walimshangaa. Alijua anachokitafuta.

MJOMBA: Mwanangu, Utubora aliacha mshahara akaenda kushika jembe. Dada yako anataka kuacha jembe akashike maiki.

Nikamwomba mjomba aseme tena, akasema vile vile.

MDOGO WANGU: Maiki nayo ni kazi, mjomba. Wewe umeishi kwayo.

MJOMBA: Ni kazi, tena ya heshima. Lakini watu wanamsikiliza dada yako kwa nini? Sauti yake nzuri? Wapo wenye sauti nzuri zaidi. Wanamsikiliza kwa kuwa Jumanne alikuwa shambani, Jumatano anasema alichokiona Jumanne. Mtoe shambani miezi sita, atasema nini? Atakuwa anawahoji watu wengine waliokwenda shambani. Mwangalie Leonard Mambo Mbotela wa Kenya. Je, Huu ni Ungwana alikianza 1966, na hakukiacha zaidi ya nusu karne, mpaka amefariki Februari 2025 watu wanamtaja kwa kipindi hicho. Kipindi kilikuwa na swali moja tu, nalo lilitoka kwenye basi, sokoni, msibani, kwa jirani anayefungulia redio usiku wa manane. Swali haliishi kwa sababu maisha ya watu hayaishi, na yeye alikaa humo humo ndani.

Hapo nilitoa barua ya kampuni. Nilikuwa nimewaeleza habari ya fedha tu, na fedha zilikuwa nzuri: kwa mwezi karibu mara mbili ya mshahara wangu. Da mkubwa, kama ilivyo kazi yake, aliisoma mpaka mwisho, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama ukurasa wa pili. Kila kipindi kiishie kwa kupendekeza dawa yao ya kupulizia. Na kila kipindi kisikilizwe na watu wao kwanza kabla ya kutoka.

DA MKUBWA: Dawa yenyewe inafanya kazi?

Hili nililijibu kirefu kuliko alivyouliza, nami nalirudia hapa kwa kuwa ndilo kiini cha ugomvi wote. Nzi anayetutesa alitoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003 na haikuchukua muda akawa kwetu. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga ndani. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, funza hutoka na kujichimbia udongoni, na huko hugeuka buu, kisha nzi. Ukipulizia dawa juu ya mti, humfikii funza aliye ndani ya tunda, wala buu aliye chini ya ardhi. Mitego ya kuvutia madume inasaidia. Lakini kazi ya kwanza, isiyohitaji duka, ni kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia kwenye shimo la nusu mita kwenda chini, au kulifunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Uzao mzima unakatwa hapo. Tena wakulima wafanye pamoja, kwa sababu nzi hajui mpaka wa shamba.

Dawa ya ile kampuni si bandia. Ina mahali pake, ikitumika kwa kipimo na kwa wakati. Ila mkulima mwenye miti 20 akisikia kila wiki kutoka kwangu kwamba jibu ni kupulizia, atauza mbuzi anunue dawa, na matunda ataendelea kuyaacha chini ya mti.

MDOGO WANGU: Tunaweza kuzungumza nao waondoe kifungu.

DA MKUBWA: Kifungu hiki ndicho wanachonunua. Wakikiondoa hawana sababu ya kulipa.

Alikunja barua, akanirudishia. Kisha akasema jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko yote, na halikuhusu kampuni.

DA MKUBWA: Nisikilize na mimi. Usinifanye ninayejua fedha tu. Nimekuja kwako mara tatu mwaka huu. Mara zote tatu mwanao amelala sebuleni na sare ya shule, wewe umejifungia chumbani na nguo zimetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Mjomba anasema usiache jembe. Sawa. Mdogo wetu anasema usiache maiki. Sawa. Nani kati yao amesema usimwache mtoto? Maana unayoitafuta, unaitafutia wapi, kama mtoto wa miaka saba anajua kwamba mlango wa mama ukifungwa asigonge?

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu, ambaye kila Jumatano saa nne usiku ndiye anayenipigia kuniuliza sauti iko wapi, aliinama akawa anakwangua kashata iliyoganda kwenye sinia.

Ni yeye aliyerudi na wazo. Akasema kipindi kitoke kila baada ya wiki mbili, si kila wiki. Kirekodiwe mchana, shambani, na ndege na upepo wake, kwa simu, badala ya usiku chumbani. Tulikuwa tunaogopa kwamba tukipunguza, watu watatusahau. Mjomba akasema mchungwa nao hauzai kila wiki. Kisha akaongeza la vikundi: nisiwatafute wasikilizaji wapya, niwakusanye nilio nao. Watu kumi chini ya mti, spika moja, memori kadi moja ya yule kijana wa stendi. Kipindi kikiisha, spika izimwe.

DA MKUBWA: Na kila kikundi kikutumie ujumbe mmoja tu. Wasikuambie wamesikiliza wangapi. Wakuambie wamechimba mashimo mangapi. Hiyo mimi nitakutunzia daftari lake, mwanzo hadi mwisho wa msimu.

Mdogo wangu hakukubali yote, na mpaka leo hajakubali. Anaamini kwamba nimeuacha mlango ambao hautafunguka tena, na kwamba Kiswahili kinahitaji watu watakaoifanya kazi hii mchana kutwa, kwa malipo, kwa ufundi kamili. Kwa hilo la mwisho namuunga mkono kwa moyo wote. Mwenye kipaji cha kuhoji, kusimulia na kuunda sauti aache kazi nyingine afanye hiyo, na apatikane wa kumlipa. Mimi kipaji changu ni kujua michungwa. Siku niliyojua hivyo nilipata utulivu ambao takwimu za asubuhi hazikuwahi kunipa, hata zilipokuwa nzuri.

Jumatatu nilipanda basi la Muheza alfajiri. Barua ya kuacha kazi niliichana. Ile ya kampuni niliijibu kwa heshima, nikawashukuru, nikawaeleza sababu.

Wiki tatu baadaye vikundi vinne vya kwanza vilileta hesabu zao. Da mkubwa ameziandika kwenye daftari: mashimo 31. Kikundi kimoja, cha yule mama aliyekatikiwa bando, peke yake kina mashimo 14.

Kipindi cha 87 ni cha kufukia matunda yaliyoanguka. Kina dakika 12, hakifiki MB 6, na nyuma yake mnasikika watu wakichimba. Ukikipata, mrushie jirani yako mwenye miti.